Shimo Sebuleni kwa Mama Mkwe

Kama wewe ni Mkamba na umewahi kutumwa peke yako kwa mama mkwe, unajua nilivyoamka Jumamosi ile. Kama hujawahi, shukuru Mungu. Sisi tuna kitu kinaitwa nthoni, ile heshima iliyochanganyika na haya kati ya mwanamume na mama wa mke wake. Humpi mkono, humkazii macho, huingii chumba anacholala, na mkiwa na jambo zito la kusema linapitia kwa mtu mwingine. Vijana wa siku hizi wanasema mambo hayo yameisha. Waende Tawa wamwambie hivyo mama mkwe wangu, halafu warudi wanisimulie.

Kawaida mtu wetu wa katikati ni mke wangu, Mumbua. Lakini Mumbua ni muuguzi hapa Makindu, na asubuhi hiyo alikuwa zamu. Alisimama mlangoni na sare yake, mkoba begani.

"Nyamai, wewe ndiye fundi," akaniambia. "Mashine ya mama imekataa kufanya kazi, na Kaloki anakuja leo mchana na pickup. Utaenda ama utakaa tu hapo ukiniangalia?"

"Peke yangu? Kwa mamako?"

"Jifanye umeenda kwa mashine."

Akaondoka zake. Nilibaki nimeshika kikombe cha chai, nikimtukana shemeji yangu Kaloki kimoyomoyo, kwa sababu mambo yote haya aliyaanzisha yeye.

Mama mkwe wangu alifanyiwa upasuaji wa mgongo mwaka jana, baada ya kuanguka akibeba maji. Daktari alimruhusu kutembea, kupika, hata kwenda kanisani, lakini alimkataza jambo moja tu, kuinama. Mgongo ule umefungwa kwa vyuma, akasema, na vyuma vikiachia, mama hatatembea tena. Sasa ufagio wetu huku ni mfupi, hauna mpini, na anayefagia anakunjika mpaka kichwa kinakaribia magoti. Waliletwa wasichana wa kazi na wote akawafukuza, huyu kwa sababu anaacha vumbi kwenye pembe, yule kwa sababu redio yake inaimba mambo ya baa. Kaloki, kifungua mimba wa nyumba hiyo na mtu wa benki Nairobi, akasema basi, mama atahamia kwake ghorofani. Mama akajibu kwamba wakimpeleka Nairobi wanunue na jeneza njiani, wasisumbuke kurudi.

Ndipo Kaloki akanunua ile mashine ya kufagia. Ni ya mviringo, unene wa sufuria, ina magurudumu chini na brashi, na inazunguka nyumba yenyewe ikinyonya vumbi. Tulikaa sote sebuleni tukakubaliana. Mashine ikifagia, mama anabaki nyumbani kwake na mbuzi wake. Siku atakayoinama kushika ufagio, anahama, na hakuna mtu atakayebishana. Mama alikubali mbele yetu sote. Kaloki alikuwa anaiona mashine kwenye simu yake huko huko Nairobi, imefagia wapi na imelala wapi, na juma zima kabla ya Jumamosi ile simu ikamwambia kwamba mashine haijafagia hata pembe moja. Hakuuliza sababu. Alimwandikia Mumbua kwamba anakuja kumchukua mama, akamaliza.

Nilifika Tawa jua likiwa limeshaanza kuchoma. Boma la mama linajulikana kwa usafi, na hata mbuzi pale wanatembea kwa adabu. Nikaegesha pikipiki, nikapiga hodi nikiwa nimeangalia mtungi wa maji.

"Nasikia kuna mtu," sauti ikatoka ndani, na najua kabisa ilikuwa ikiliambia dirisha. "Kama ni yule wa Makindu, mlango uko wazi na kiti kiko hapo karibu na mlango."

"Habari ya hapa, mwaitu," nikauambia mlango. Mwaitu kwetu ni mama.

"Ni nzuri. Na wa nyumbani?"

"Wako salama."

Hapo salamu zikaisha. Nikavua viatu, maana sakafu ilikuwa inang'aa. Ni sakafu ya saruji nyekundu, ile ya nyumba zetu za zamani, na siku hiyo niliweza kuona dari ndani yake. Nikajisemea kwamba mama mkwe wangu ni mtu msafi sana. Ndivyo nilivyofikiria wakati huo, na ningefikiria zaidi kidogo ningejipunguzia shida.

Mama alikuwa ameketi kwenye kiti chake kirefu, mgongo wima, amenigeuzia bega, akisokota kamba za katani kwenye goti. Mashine haikuwepo. Mahali pake pa kuchajia palikuwa chumbani kwa mama, chumba ambacho mimi hata kwa mtutu wa bunduki siingii. Mama akainuka taratibu, akaingia, na nikasikia fimbo yake ikigonga kitu. Mashine ikatoka ikisukumwa na fimbo kutoka nyuma, mpaka ikafika miguuni pangu.

"Wewe mashine," akaiambia, akirudi kwa kiti, "huyu ndiye daktari wako. Mwambie unaumwa wapi."

Nilikohoa ili nisicheke.

Nikabonyeza kitufe cha juu. Mashine ikaamka, ikaenda mbele kidogo, ikashtuka, ikarudi nyuma, ikazunguka mahali pamoja, kisha ikasimama. Sauti ya mwanamke wa Kizungu ikasema kwamba iko ukingoni mwa shimo, tafadhali isogezwe mahali salama.

Nikaangalia sakafu. Hakukuwa na shimo. Boma zima lina shimo moja tu, na hilo liko nyuma ya nyumba lina mlango na kufuli.

"Imekuwa ikisema hivyo hivyo kila siku," mama akauambia ukuta. "Shimo, shimo. Mpaka nikaenda kuchokora chini ya kabati kwa fimbo."

Nikaanza na mambo ya kawaida. Nilifungua kisanduku cha vumbi nikakimwaga nje. Niliondoa nyuzi za katani zilizojisokota kwenye brashi, na hizo zilikuwa nyingi za kutosha kuanzisha kikapu cha kiondo. Nikazungusha magurudumu kwa kidole. Nikaizima, nikahesabu pole pole, nikaiwasha. Shimo. Nikakumbuka kwamba jua kali linaweza kuzichanganya mashine hizi, nikafunga pazia la dirisha kubwa. Shimo. Nikaibeba mpaka veranda, kwenye saruji ya kijivu isiyo na rangi. Hata huko, dada yetu wa Kizungu akaona shimo. Nikaanza kuhisi hasira, ile hasira ya fundi anayeangaliwa na mkwewe huku kitu kidogo kikimshinda.

"Chai iko hapo mezani," mama akasema. "Mashine, mwambie anywe kabla haijapoa."

Nilikunywa, na chai ikanirudishia akili. Mashine hizi zina sensor chini, upande wa mbele, na mimi naziita macho. Ni vidirisha vidogo vinavyotupa mwanga usioonekana sakafuni. Mwanga ukirudi, mashine inajua kuna sakafu. Usiporudi, inadhani imefika kwenye ngazi na itaanguka, kwa hivyo inakataa kwenda. Kama inaona shimo kila mahali, hata verandani, basi shida haiko sakafuni. Shida iko kwenye macho yenyewe.

Nikaigeuza tumbo juu, nikawasha tochi ya simu.

Macho yote yalikuwa yamefunikwa na utando mwekundu. Nikapitisha kidole, kikatoka na utelezi. Nikanusa. Polishi ya sakafu, iliyochanganywa na mafuta ya taa kidogo ili iwe laini, kama wanavyofanya akina mama wote wa huku.

Sitaki kudanganya, nilifurahi sana. Nikaomba kitambaa kutoka kwa meza, yaani niliiambia meza kwamba ninahitaji kitambaa, na mama akainyooshea meza kitambaa. Nikakilowesha kidogo kwa maji ya sabuni, nikafuta jicho moja baada ya jingine, nikafuta na magurudumu, nikakausha kwa shati langu safi. Nikaiweka chini na kubonyeza. Mashine ikaondoka. Ikapita chini ya kochi, ikazunguka miguu ya meza, ikagusa ukuta ikageuka, ikaendelea na kazi yake bila kutaja shimo lolote.

"Haa!" mama akasema. Hilo hakumwambia mtu yeyote. Lilitoka tu.

Nikaketi na kikombe changu nikiwa nimeridhika na nafsi yangu. Nikaanza kupanga vile nitakavyomsimulia Mumbua jioni, na vile Kaloki atakavyogeuza pickup yake arudi Nairobi na petroli yake. Ni hapo, nikiitazama mashine ikiteleza kwenye ile sakafu nzuri inayong'aa, ndipo swali likanijia.

Polishi imetoka wapi?

Mashine ilipita kwenye polishi mbichi. Polishi haijipaki. Mtu aliipaka, na mama anaishi peke yake. Na wote tunajua sakafu inavyopakwa polishi. Unapiga magoti, unashika kitambaa, unasugua kutoka ukuta hadi ukuta, kisha unarudi kusugua tena mpaka ing'ae. Kufagia kunakukunja kwa dakika chache. Polishi inakukunja asubuhi nzima.

Nilijisikia vibaya sana. Nilikuja kutengeneza mashine ili mama asihamishwe, na mashine ikanionyesha kwamba huenda anastahili kuhamishwa. Sikuwa namwonea Kaloki hasira tena. Niliwaza vile vyuma vya mgongoni. Nilimwaza Mumbua, aliyelala hospitalini kwenye kiti mwezi ule wote wa upasuaji wa mama. Kama mama anainama kisirisiri tukiwa mbali, siku moja jirani atamkuta sakafuni, na mimi nitakuwa yule mjinga aliyefuta ushahidi kwa shati lake.

Ningemnyamazia Kaloki? Na nikimwambia, mama angenisamehe? La muhimu zaidi, nilitaka kujua, na hakukuwa na mtu wa kunisaidia kuuliza. Mumbua alikuwa zamu. Kuku walikuwa nje. Mashine ilipopita karibu na mguu wangu, nikaisemesha.

"Mashine," nikasema, na sauti yangu ilinishangaza kwa udogo wake, "hebu muulizie mwaitu. Hii polishi. Aliinama?"

Mikono yake ikasimama kwenye kamba. Akageuza kichwa, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akanitazama usoni. Akafungua mdomo.

Pickup ikapiga honi langoni.

Kaloki aliingia na viatu vyake vya ofisi, akasimama hatua moja ndani ya mlango. Alimwona mama, akaniona mimi, akaiona mashine ikizunguka. Uso wake ukaanza kulegea. Kisha akaiona sakafu, na uso ukafunga tena. Kaloki alilelewa katika nyumba hiyo. Alishapiga magoti kwenye sakafu hiyo na kitambaa mkononi kila Jumamosi ya utoto wake, na hakuhitaji fundi wa kumweleza.

"Mwaitu," akasema. "Nani alipaka polishi?"

"Mimi."

"Uliahidi."

"Niliahidi sitainama."

"Na polishi inapakwa na nani amesimama?" Akanigeukia. "Shemeji, wewe umekuwa hapa, umeona hii sakafu na unakunywa chai?"

Niliweka kikombe chini.

"Wacha kumkaripia mkwe wangu," mama akasema. "Ketini nyote wawili. Na Kaloki, toa hivyo viatu."

Kaloki akavua viatu, akakaa. Mama akainuka, mgongo wima, akaingia chumbani. Akatoka na kipande cha plaiwudi chembamba, upana wa sinia kubwa, kilichotobolewa pembe zote na kufungwa kamba za katani. Kamba zilikutana juu kwenye fundo moja, kama mizani ya kupimia mbuzi. Akazishika kamba, akaushusha ubao taratibu mpaka ukalala sakafuni. Hakuinama hata kidogo.

Akangoja. Mashine ilipokuja upande wake, akaisukuma kwa fimbo mpaka ikapanda juu ya ubao, na kwa ncha ya fimbo akabonyeza kitufe. Ikanyamaza. Akaegemeza fimbo ukutani, akazivuta kamba mkono kwa mkono, akiwa amesimama wima, mpaka mashine ikapanda na kutua mezani. Akaigeuza tumbo juu mbele yetu kama mtu anayemgeuza kuku aliyechinjwa. Kutoka kwenye droo akatoa kitambaa cha kupigia deki, kinachokuja na mashine na kufungwa chini yake. Kilikuwa chekundu ndu.

"Naweka polishi hapa," akasema, "nakifunga chini yake, naishusha na kamba. Inazunguka, inapaka. Ikimaliza nakitoa, naweka kitambaa kikavu, inazunguka tena, inang'arisha. Mimi nimekaa pale nikisokota kamba zangu. Wanawake wa kanisa huja hapa kila Jumapili. Ningewakaribisha kwa sakafu iliyopauka?"

Kaloki alitoa simu, akaitazama, akaiteremsha kwa kidole.

"Ijumaa ya juma lililopita ilizunguka sebule mara mbili," akasema polepole. "Mara mbili, siku moja. Nilidhani imepata wazimu."

"Kesho yake ndiyo ikaanza mambo ya shimo," mama akasema.

Nilishusha pumzi mpaka nikahisi mabega yamepungua. Nilitaka kucheka, na nilitaka kulia kidogo, nikachagua kufuta uso kwa lile shati lenye polishi, na hilo halikunisaidia.

"Kwa nini hukutuambia, mwaitu?" Kaloki akauliza. "Wiki nzima! Ungepiga simu tu."

"Nikwambie nimeiharibu mashine yako? Ungekuja na lori badala ya pickup. Na huyu," akanionyesha kwa kidevu, "ningemwambiaje? Kwamba mama mkwe wake anazigeuza mashine tumbo juu mezani?"

Hapo nilishindwa, nikacheka. Na mama akacheka pia, akiwa ameshika kiuno, na nthoni ikatoka mlangoni kwa muda. Nikamweleza, yeye mwenyewe, uso kwa uso, kwamba akitaka kupaka polishi apake, lakini siku hiyo hiyo, mashine ikiwa mezani, afute vile vidirisha vya mbele kwa kitambaa chenye sabuni na avikaushe. Akavigusa kimoja kimoja kwa kidole kuhakikisha ameviona. Akasema kumbe ni hivyo tu.

Kaloki hakucheka. Alikuwa bado amekaa ukingoni mwa kochi, miguu yake na soksi kwenye sakafu nyekundu, akiutazama ule ubao wenye kamba.

"Haya," mama akamwambia. "Sema. Nipange nguo ama nisipange?"

"Usipange." Akajifuta pua kwa nyuma ya mkono. "Mwaitu, hata mimi sikutaka kukutoa hapa. Utafanya nini kule juu, uangalie magari? Lakini siku uliyoanguka nilipigiwa nikiwa nimesimama kwa kaunta, na magoti yalikataa. Wateja ndio walinishika. Tangu siku hiyo nikiona jina lako kwa simu, natafuta kiti kwanza. Kiti nikikosa, sishiki, namwambia Mumbua akupigie. Sijui nitaambiwa nini."

Mumbua hakuwahi kuniambia hilo. Niliangalia chini. Ule uchungu wote niliokuwa nao juu ya Kaloki, wa maneno yake machache na amri zake kutoka mbali, ulinitoka nikabaki namhurumia.

Mama akaingiza mkono ndani ya leso yake, akatoa simu yake ndogo ya vitufe, akaishika mbali na macho na kubonyeza taratibu. Simu ya Kaloki ikalia mkononi mwake. Akaitazama, akamtazama mama aliyekuwa hatua mbili kutoka alipo.

"Simama," mama akamwambia.

Kaloki akasimama. Simu ikaendelea kulia. Akaiweka sikioni.

"Haloo, mwaitu."

"Kaloki, mwanangu," mama akasema ndani ya simu yake. "Niko mzima. Nimekula, nimesimama, na niko kwangu. Ni hayo tu nilitaka kukuambia."

Kaloki alibaki amesimama hapo katikati ya sebule, simu imebanwa sikioni. Mama alikuwa ameshakata na anaelekea jikoni, na yeye bado alikuwa anaitikia, "Ndiyo, mwaitu. Ndiyo. Nimesikia."